Kabla ya Kuvaa Filimbi: Ukocha wa Viungo katika Vyuo vya Marekani

Anza na swali la usingizi. Katika vyuo vikuu vya Marekani kundi la kwanza la wanamichezo huingia chumba cha vyuma saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu saa mbili wanatakiwa darasani. Anayewapokea ameshafika saa nzima kabla yao: amewasha taa, amepanga vyuma, ameandika ubaoni kazi ya siku, na anajua nani jana alitoka akichechemea. Kundi la mwisho huondoka jioni. Mwezi Januari, kwenye majimbo ya kaskazini, utaingia kazini gizani na kutoka gizani, na kabla ya yote hayo utakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Kama wewe na alfajiri hamuelewani, okoa ada yako mapema ukasomee kitu kingine.

Bado unasoma? Haya, tuendelee.

Kwa Kiswahili cha viwanjani mtu huyu ni kocha wa viungo. Mashabiki wa Simba na Yanga wanamfahamu: ndiye anayewakimbiza wachezaji huku kocha mkuu amekunja mikono pembeni. Chuoni Marekani kazi yake imepanuka kuliko hiyo. Nguvu, kasi, pumzi, wepesi wa viungo na kurudi mchezoni baada ya jeraha vyote vinapita mikononi mwake, akishirikiana na madaktari na wataalamu wa tiba. Kwenye chuo kikubwa timu ya mpira wa Kimarekani ina makocha wa viungo wake peke yake. Kwenye chuo kidogo mtu mmoja hubeba waogeleaji, wanariadha, wasichana wa soka, wavulana wa mpira wa kikapu na hata wacheza gofu, wote kwenye chumba kimoja chenye vyuma visivyotosha.

Kuna jambo la kanuni ambalo wageni hawalioni haraka. NCAA, chombo kinachosimamia michezo katika vyuo zaidi ya 1,000, huweka kikomo cha saa: msimu ukiwa unaendelea mchezaji anaweza kushughulishwa na timu saa 20 kwa wiki, na nje ya msimu saa 8. Makocha wa mchezo wenyewe hubanwa zaidi nje ya msimu. Matokeo yake, kwa miezi kadhaa ya mwaka kocha wa viungo ndiye mtu mzima anayeonana na mchezaji kuliko mwingine yeyote pale chuoni. Atajua nani hali chakula cha kutosha, nani ameachwa na mchumba, nani mama yake anaumwa huko kwao. Vitabu vya fani hii havina sura ya mambo hayo, lakini ndiyo nusu ya kazi.

Ilikotoka

Ni kazi yenye tarehe ya kuzaliwa, jambo adimu. Agosti 1969 Chuo Kikuu cha Nebraska, mjini Lincoln, kilimwajiri kijana aitwaye Boyd Epley, mrukaji wa upondo aliyeumia mgongo. Alipokuwa akijiuguza alinyanyua vyuma peke yake, na wachezaji majeruhi wa mpira wa Kimarekani wakaanza kumwiga. Wakarudi uwanjani wakiwa na nguvu kuliko walivyotoka. Kocha msaidizi Tom Osborne akaliona hilo, akamshawishi kocha mkuu Bob Devaney. Enzi hizo makocha wengi waliamini kuwa chuma humkakamaza mchezaji na kumfanya mzito. Devaney alikubali kwa sharti moja: akipatikana mchezaji hata mmoja aliyepungua kasi, Epley afungashe virago. Malipo yalikuwa dola 2 kwa saa. Nebraska ikatwaa ubingwa wa taifa mwaka 1970 na tena 1971, na vyuo vingine vikaanza kutafuta Epley wao. Mwaka 1978 akaanzisha chama cha makocha hawa, NSCA, kwa mkutano wa watu 76 palepale Lincoln.

Likumbuke lile sharti la Devaney. Halijafutwa mpaka leo, limebadilishiwa maneno tu.

Karatasi unazohitaji

Shahada ya kwanza ni lazima, na iliyo bora ni ya sayansi ya mazoezi au fiziolojia ya mazoezi. Baada ya hapo kuna vyeti viwili vinavyoheshimika vyuoni. Cha kwanza ni CSCS cha NSCA, kilichoanza kutolewa mwaka 1985. Mtihani wake una maswali 220 yanayofanywa kwa saa nne: sehemu ya kwanza ni sayansi (misuli, nishati, lishe), ya pili ni utendaji, ambayo ina video za watu wakinyanyua na wewe unaulizwa kosa liko wapi. Lazima pia uwe na cheti hai cha kuokoa mtu ambaye moyo wake umesimama. Cha pili ni SCCC, kinachotolewa na CSCCa, chama cha makocha wa viungo wa vyuoni kilichoanzishwa mwaka 2000. Hiki kinadai saa 640 za kazi kwa vitendo chini ya kocha mwenye cheti hicho hicho, kisha mtihani wa kuandika na mwingine wa kusimama mbele ya watahini ukafundisha.

Tangu Agosti 2015 vyuo vya Daraja la Kwanza la NCAA vinatakiwa kumtumia kocha wa viungo mwenye cheti kinachotambulika. Kwa hiyo cheti cha wikendi moja ulichokinunua mtandaoni kitundike ukutani kwako, usikipeleke kwenye usaili. Jambo jingine: NSCA ilishatangaza mpango wa kutaka watahiniwa wa CSCS, kuanzia 2030, wawe na shahada kutoka programu zilizoidhinishwa mahsusi kwa fani hii. Kabla hujalipa ada popote, kiulize chuo kama programu yake imo kwenye orodha hiyo. Jibu la kuzungukazunguka lihesabu kuwa ni hapana.

Kati ya vyeti hivyo viwili uanze na kipi? Ukiniuliza mimi, CSCS, kwa kuwa inakubalika pia nje ya vyuo: jeshini, shule za sekondari, timu za kulipwa. Lakini zile saa 640 za SCCC ndizo zitakazokufundisha kazi.

Mlango wa kwanza

Mlango huo ni mwembamba na mara nyingi haulipi. Utaanza kama mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo: kufuta benchi, kukoroga vinywaji vya kurudisha nguvu, kuhesabu marudio, kurudisha vyuma mahali pake. Wengi hufanya hivyo kwa miezi kadhaa bila mshahara huku wakiuza kahawa usiku au kulala wanne chumba kimoja. Siipambi hali hiyo. Inawachuja watu kwa uwezo wa wazazi wao kabla ya kuwachuja kwa uwezo wao, na ni moja ya sababu watoto wa wahamiaji, wakiwemo wazungumzaji wa Kiswahili walioko Texas, Ohio au Minnesota, hawaonekani sana kwenye vyumba hivi. Wanawake nao bado ni wachache, hasa upande wa mpira wa Kimarekani.

Ngazi inayofuata ni msaidizi mwanafunzi wa shahada ya pili: chuo kinakulipia ada yote au sehemu yake na kukupa posho ndogo, nawe unashika timu mbili tatu za peke yako. Hii ndiyo nafasi ya kuipigania. Utatoka na shahada, cheti, na miaka miwili ya kazi ambayo mwajiri anaweza kupiga simu kuiulizia.

Namna ya kuipata? Watu wa kazi hii huajiriana kwa simu. Tangazo likitoka, mara nyingi jina lilishatajwa. Usitume barua 100 zinazofanana. Chagua vyuo vitano unavyoweza kuvifikia, andika barua fupi ukitaja timu ambayo kocha huyo anaishika, omba kuja kutazama mazoezi siku moja. Ukikubaliwa, fika mapema, simama mahali usipoziba njia, usiguse simu, na uulize swali moja tu zuri mwishoni. Ukiona chuma kimeachwa sakafuni, kirudishe. Makocha hawa hulikumbuka hilo kuliko alama zako za darasani.

Kwa anayesoma kwa viza ya mwanafunzi: baada ya shahada kwa kawaida una miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na ulichosomea. Vyuo vikuu havimo kwenye ile idadi ya juu ya viza za kazi za H-1B inayogombaniwa kwa bahati nasibu kila mwaka, na huo ni unafuu ambao jimu ya mtaani haiwezi kukupa. Ila gharama na masharti ya viza hizi hubadilika. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni muhula wa kwanza, usisubiri wa mwisho.

Siku ya kwanza baada ya likizo

Hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo watu wanapofia.

Januari 2011 wachezaji 13 wa mpira wa Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Iowa walilazwa hospitali. Walikuwa wametoka likizo, wakapewa kazi ya kuchuchumaa na chuma begani mara 100, kwa nusu ya uzito wa juu ambao kila mmoja angeweza kunyanyua. Misuli ikavunjika, vilivyomo ndani ya misuli vikamwagika kwenye damu, na figo zikawa hatarini. Mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi. Kitaalamu huitwa rabdomaiolisisi. Miaka sita baadaye, Januari tena, wachezaji watatu wa Chuo Kikuu cha Oregon wakalazwa baada ya mazoezi ya mwanzo chini ya makocha wapya. Wote hao walitoka hospitali wakiwa hai.

Jordan McNair hakupona. Alikuwa na miaka 19, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Maryland. Tarehe 29 Mei 2018 timu ilikuwa ikikimbia mbio za kurudiarudia za yadi 110, yaani mita 100 hivi. Akazidiwa na joto. Uchunguzi ulikuta kuwa hakutumbukizwa kwenye maji ya barafu, tiba ambayo ingemsaidia. Alifariki tarehe 13 Juni. Kocha wa viungo akaondoka chuoni, na mwaka 2021 familia ikakubaliana na chuo kulipwa dola milioni 3.5. Mtoto hakurudi.

Kutokana na vifo vya namna hiyo, mwaka 2019 NSCA na CSCCa walitoa mwongozo ambao unapaswa kuujua kama unavyojua jina lako. Kwa mchezaji mpya, wiki ya kwanza punguza kiasi cha mbio na mazoezi ya pumzi kwa asilimia 50, ya pili 30, ya tatu 20, ya nne 10. Anayeanza upya baada ya kukaa muda mrefu bila mazoezi mhesabu kama mpya. Na siku hizi wapya hawaishi: wachezaji huhama chuo hadi chuo kila mwaka, hivyo kila Januari na kila Juni utakuwa na sura usizozijua. Zote zitakudanganya kuwa ziko fiti.

Jifunze kutofautisha dalili. Kiharusi cha joto humfanya mtu achanganyikiwe, ayumbe, aongee ovyo, na joto la mwili linapita nyuzi 40. Mtumbukize kwenye beseni la maji ya barafu hapohapo, mwili mzima mpaka shingoni, kichwa kishikiliwe. Gari la wagonjwa liitwe, lakini kupoza kunatangulia kusafirisha. Kubana kwa misuli ni kitu kingine: msuli unakakamaa, unauona, mtu anapiga kelele. Anayezidiwa kwa sababu ya kinasaba cha selimundu hulegea. Atakuambia miguu imeisha nguvu au mgongo unauma, atakaa chini, ukimgusa msuli ni laini, na akili yake bado inafanya kazi. Kocha mjinga humwona mvivu.

Hili la selimundu linatuhusu sisi hasa. Kinasaba hiki kimeenea Kanda ya Ziwa na kwenye ukanda wa pwani, na mwenye nakala moja tu huishi maisha yake yote bila kuumwa, mpaka siku anapokimbizwa kupita kiasi bila kupumzishwa. Mwaka 2006 mchezaji wa Chuo Kikuu cha Rice, Dale Lloyd, alianguka baada ya mbio fupi 16 mfululizo, akafa kesho yake. Kifo chake ndicho kilichosababisha NCAA kuweka utaratibu wa kupima wachezaji wa Daraja la Kwanza kuanzia 2010. Ukipewa orodha ya timu, uliza majina hayo kwa daktari siku ya kwanza. Wenye kinasaba hicho hawazuiwi kucheza. Wape mapumziko marefu kati ya mbio na mbio, maji, na ruhusa ya kusimama bila kutukanwa.

Na usitumie mazoezi kama adhabu. Mchezaji amechelewa darasani, kocha wa mchezo anakunong'oneza umkimbize mpaka atapike. Kataa. Kama hujui utakataaje, jizoeze sentensi hiyo mbele ya kioo kabla ya kujizoeza kufundisha kuchuchumaa.

Kuandika kazi ya timu

Vijana wengi hufika wakiwa na programu waliyoinakili kwa bingwa fulani wa kunyanyua. Iweke pembeni. Angalia mwili ulio mbele yako. Chukua mtu wa umbo la Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyechezea Chuo Kikuu cha Connecticut na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika usajili wa NBA: urefu wa mita 2.21. Mtu wa mifupa mirefu hivyo ukimwambia achuchumae hadi chini na chuma mgongoni kama mnyanyuaji wa futi tano na nusu, utamvunja kiuno ili ufurahishe kitabu. Mpe chuma cha pembe sita anachokinyanyua akiwa amesimama katikati yake, mpe boksi la kukalia linalopunguza kina, mpe mguu mmoja mmoja. Nguvu anayoihitaji ni ya kuruka na kusukumana chini ya goli. Hakuna refa atakayempima kina chake cha kuchuchumaa.

Upande wa pili yuko mkimbiaji wa mbio ndefu kutoka Iten au Arusha, aliyekuja kwa ufadhili wa riadha. Atakuwa na wasiwasi uleule wa makocha wa mwaka 1969: chuma kitanifanya mzito. Usibishane naye. Vipindi viwili kwa wiki, dakika 30 hadi 40, marudio machache, uzito wa kueleweka, mapumziko marefu, na siku za mbio ngumu zisiguswe. Mweleze unachofanya. Kama anaongea Kiswahili, mweleze kwa Kiswahili. Utakuwa pengine mtu wa kwanza pale chuoni kumweleza kitu kuhusu mwili wake kwa lugha anayoiwaza.

Mashine za kupimia kasi ya chuma, vifaa vya setilaiti vinavyovaliwa mgongoni na sahani za kupima nguvu ya kuruka utazikuta kwenye vyuo vyenye pesa. Zijifunze. Ila mtu anayejua kuangalia jinsi mchezaji anavyopanda ngazi akija mazoezini ameshapata nusu ya habari bila umeme.

Fedha, na nani bosi wako

Tofauti ya mishahara inatisha. Makocha wakuu wa viungo katika timu kubwa za mpira wa Kimarekani wamevuka dola 500,000 kwa mwaka. Wa Iowa alikuwa akilipwa 800,000 hadi mwaka 2020, chuo kilipoachana naye baada ya wachezaji wa zamani Weusi kueleza hadharani jinsi walivyokuwa wakitendewa. Chini ya vilele hivyo kuna maelfu wanaolipwa mshahara wa mwalimu wa shule, au chini yake, kwa saa 60 kwa wiki. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Hela hiyo itatoka mahali, na nafasi za wasaidizi ni rahisi kukatwa kuliko uwanja.

Halafu kuna lile sharti la Devaney. Kocha mkuu wa mpira wa Kimarekani akitimuliwa, kocha wa viungo mara nyingi huondoka naye, hata kama hakuna mchezaji aliyepungua kasi. Anayekuja huja na wake. Usinunue nyumba mwaka wa kwanza. Mwenzi wako aambiwe mapema kuwa mtahama, na kwamba mtahama Desemba, watoto wakiwa katikati ya mwaka wa shule. Wanaodumu kwenye mji mmoja ni wale wa michezo mingine, wa mishahara midogo, na wengi wao ukiwauliza hawataki kubadilishana.

Kwa hiyo kwenye usaili uliza nani anakusimamia. Ukiripoti kwa kocha wa mchezo, yeye ndiye anayeweza kukufukuza siku utakaposimamisha mazoezi yake. Mwongozo mwingine wa 2019, wa NCAA, unashauri kocha wa viungo asiwe chini yake. Vyuo vingine vimetii, vingine bado. Uliza pia kama mtaalamu wa tiba huwepo kwenye kila kipindi, na kama programu za mazoezi huandikwa na kuhifadhiwa kabla ya kufanywa.

Watakapokuzungusha kukuonyesha chumba chao kipya, vyuma vyenye nembo ya chuo na spika za ukutani, sifia kidogo. Kisha omba wakuonyeshe beseni la barafu lilipo, na uhesabu hatua kutoka uwanjani.